Kioo Kirefu cha Kinandani

Jumatano, 8 Novemba

Theluji ya kwanza. Na habari njema: usharika unanunua laptopu! Moja tu, ya ofisini na ya kwenye kinanda. Vitabu vya nyimbo vimechakaa, kamati imeamua nota zote ziingizwe humo. Nikajifanya sijali. Moyoni nilikuwa nacheza.

Siri ninayoliambia daftari hili peke yake: nota sizioni. Tangu Pasaka zimekuwa kama pilipili manga iliyomwagika mezani. Napiga kwa mazoea ya miaka arobaini na mitatu na kwa huruma ya Mungu. Watu wakijua, kiti changu kinakwenda kwa Curtis Bjerke, mwalimu mstaafu wa muziki, ambaye kila Jumapili hukaa benchi la mbele na kunitazama vidole. Nyoka yule! Bila kinanda mimi ni mzee tu mwenye mbwa. Na mbwa mwenyewe alishakufa.

Nimechunguza madukani. Kuna laptopu za vioo vipana na za vioo virefu. Kipana ni cha kutazamia mpira wa magongo. Ukikuza nota unaona nusu ya juu ya ukurasa, nusu ya chini mpaka ubonyeze. Nibonyeze na nini? Mikono yote kazini, miguu yote kazini. Ardis, mke wangu, ndiye aliyekuwa akinigeuzia kurasa, naye amelala makaburini mwaka wa sita sasa. Kirefu, kile cha karibu mraba, kinaonyesha wimbo mzima. Nataka kirefu. LaVonne, katibu wetu, anataka kipana, aweke barua mbili pamoja. Haya, tutaonana.

Ijumaa, 10 Novemba

Hila ya kwanza. Nimekata maboksi ya nafaka kwa mfano wa vioo viwili. Kioo kirefu nimekifunika karatasi ya fedha ya jikoni, kinang'aa. Kipana nimekikata ovyo makusudi. Nikaviweka ukumbini kando ya birika la kahawa, kamati ivione yenyewe na kupenda yenyewe. Sikusema neno. Kusema waziwazi unachotaka ni kukosa adabu.

Walidhani ni sinia! Kwenye kirefu changu LaVonne aliweka matango ya siki, boksi likalowa, likakunjika. Kwenye kipana zikapangwa lefse, zile chapati zetu za viazi, safu mbili, zikaenea sawasawa. Curtis akasema jamani, umbo hili lina faida. Kila mtu akaitikia.

Kisha LaVonne, kumbe ametambua, akaniambia taratibu kwamba inchi za kioo hupimwa kutoka pembe hadi pembe, si ubavuni, na kwa inchi kumi na saba nilizopima mimi tungehitaji kanisa jipya. Nikamuuliza kioo gani? Mimi nimeleta sinia.

Jumapili, 12 Novemba

Baada ya ibada Mchungaji Ochoa aliniita kando. Ni mtu wa Texas, kusini mbali, yuko nasi tangu Machi. Akasema, "Mzee Verlyn, wewe ndiye utakayeitazama kila wiki. Chagua wewe." Jamani! Nilitaka kumkumbatia.

Bila shaka nikakataa. Nikasema hapana, chochote kitafaa. Akaniuliza kama nina hakika, maana angependa nichague mimi. Nikasema asijisumbue kwa ajili yangu. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri kabisa. Kwetu huku mtu akikupa kitu unakataa mara mbili, ya tatu unapokea huku unanung'unika kidogo. Hata mtoto wa chekechea anajua. Nilishafungua mdomo kupokea ya tatu.

Akasema, "Haya, sawa basi!" Akaenda zake kwa LaVonne.

LaVonne akaanza kukataa, kama mtu aliyelelewa. Curtis akamnong'oneza sikioni. Akakubali palepale! Inchi kumi na saba. Kipana. Nilikunywa vikombe vinne vya kahawa nikiwa nimesimama.

Jumapili, 19 Novemba

Nimeaibika hadi kwenye soksi.

Laptopu ilikuwa kinandani, pana kama ubao wa kukatia mkate. Wimbo wa kufungulia: naona mistari miwili ya juu, mikubwa, myeusi, mizuri. Nikaipiga. Ya chini haipo. Mikono imejaa. Nikarudia ya juu. Nikarudia tena. Nilitegemea mtu asimame aseme inatosha. Nani! Watu wetu kumsahihisha mtu hadharani? Wakaimba mistari ileile mara tisa, kwa moyo wote, sauti zote nne. Mchungaji Ochoa alitazama dari. Mara ya tisa nikabonyeza kwa pua. Ikazimika.

Nilijificha jikoni. Curtis akanifuata. Nikajua ndiyo basi, kiti kimekwenda. Akaniuliza kama nimemaliza kulia. Nikamwambia ni vitunguu. Hapakuwa na kitunguu hata kimoja.

Akanirudisha kinandani. Akaifungua ile laptopu, akaisimamisha kwa ubavu kama kitabu, akabonyeza vitufe viwili, ukurasa ukageuka nao. Kipana kikawa kirefu! Wimbo mzima, juu mpaka chini, nota kama maharage. Akasema, "Ulidhani tumelichukua dude hili kubwa la nini, we mzee? LaVonne ndogo ingemtosha. Hili ni la macho yako. Nilitaka kukuonyesha kabla ya ibada, ukanipita kama hunijui."

Nikamuuliza macho yangu yana nini. Akasema kanisa zima linajua tangu Pasaka. Nikikosea wanapaza sauti ili wanifunike. Yeye hukaa mbele kufuata vidole vyangu, awaonyeshe wenzake kwa mkono nimefika wapi.

Mungu wangu. Miezi saba hii waliimba vile, nami nilidhani ni uamsho.

Nilitaka kumwambia ahsante, ahsante kwa kila Jumapili. Nikamwambia kioo si kibaya sana. Akaelewa, akanipiga bega.

Nimeapa mbele ya kinanda: kuanzia leo nikitaka kitu nitasema, na nikipewa napokea mara ya kwanza. Watu wema hivi hawafanyiwi hila.

Jumanne, 21 Novemba

Nawapenda watu hawa. Jana niliwaombea wote kwa majina, Curtis wa kwanza. Tena nilifanya mazoezi mchana kutwa, ukurasa mzima mbele yangu, sikukosa nota hata moja. Nashukuru sana.

Saa mbili asubuhi Mchungaji Ochoa alipiga simu. Daktari wa macho amepata nafasi leo saa nne. Mchungaji mwenyewe anadhani ni mtoto wa jicho, na mtoto wa jicho siku hizi hutolewa upesi. Akasema atanipeleka kwa gari lake. Furaha niliyoipata! Nikamwambia asijisumbue, barabara ina barafu. Akauliza tena. Nikasema kweli kabisa, hapana. Akasema, "Haya, mzee wangu, siku njema." Akakata simu!

Sina wasiwasi. Ana miezi minane hapa, atakuwa ameshajifunza. Nimevaa koti, kofia na glavu, nimekaa dirishani. Kuandika na glavu ni kazi.

Saa tatu kasoro robo. Kimya.

Saa tatu. Gari linaingia uani! Si la Mchungaji, ni la Curtis. Kumbe kamwambia. Mungu awabariki wote wawili. Nimevua koti mbio, nimelitupa nyuma ya kochi na kofia yake, asije akadhani nilikuwa nasubiri.

Anagonga. Nitakataa mara mbili tu.