Mfumo wa Pili Umefika Omurushaka

Usijifanye hukuona. Jumanne ulipita Omurushaka na baiskeli yako, mkungu wa ndizi nyuma, na ulipofika mbele ya ghala la ushirika ukageuza shingo, ukakodolea macho bango la soda kama mtu anayesoma Injili. Upande wa pili magunia ya kahawa yalikuwa yamepangwa mpaka kwenye mtaro, na mvua inayanyeshea. Uliyaona. Hata kofia uliivuta chini.

Basi kwa kuwa hukusimama kuuliza, nitakueleza maendeleo yaliyotufikia.

Mwanzoni mwa msimu Mwenyekiti wetu wa ushirika, Mheshimiwa Apolinary, alipanda ngazi ya ghala, akashika kipaza sauti, akatangaza kwamba Omurushaka imeingia rasmi katika zama za Mfumo wa Pili. Kompyuta tuliyopewa na wafadhili, alisema, ilikuja na mfumo mmoja tu, unaojua kuandika hotuba zake. Sasa utasimikwa wa pili, wa kupimia kahawa.

"Na msikilize vizuri, ndugu wananchi! Mfumo wa pili hauuondoi wa kwanza! Unasimikwa pembeni yake, na wa kwanza unaendelea na kazi zake!"

Tukapiga makofi. Maneno hayo yaweke mahali, tutayahitaji.

Siku hiyohiyo mizani ya chuma, iliyopima kahawa ya baba zetu bila kuugua hata mafua, ilitangazwa kuwa masalia ya fikra za kizamani. Ikatolewa nje, ikafungwa kamba, ikasukumwa nyuma ya ghala. Hakuna kahawa kupimwa mpaka Mfumo wa Pili usimame. Uamuzi wa busara kabisa. Mkulima akipimiwa kahawa yake kabla ya maendeleo, maendeleo atayatamani ya nini?

Akaja fundi Egbert kutoka Bukoba na disketi, kipande bapa cha plastiki kinachoenea kiganjani. Kazi yake ni moja: kompyuta ikiwashwa, inaisoma hiyo kwanza, inaamkia upande wa mfumo mpya, ndipo usimikaji uanze. Bukoba aliijaribu, ikakubali. Lakini kwetu kitu hakianzi kazi bila kuzinduliwa. Disketi ikavikwa kitambaa cha kijani, ikalazwa mgongoni mwa spika kubwa ya Mwenyekiti ili umma uione, na Mwenyekiti akaihutubia mpaka jenereta ikakohoa. Kisha karani akaipeleka kwenye kompyuta kwa vigelegele.

Kompyuta ikaandika Kiingereza.

"Inasemaje?" Mwenyekiti akauliza.

"Inasema hii si disketi ya mfumo, mheshimiwa. Ibadilishwe."

Kamati ya Usimikaji ikakaa. Baada ya kutafakari kwa kina iliona kubadilisha disketi ni pupa, ikambadilisha mtu aliyeibeba. Karani akahamishiwa stoo ya majembe. Egbert akaleta disketi nyingine. Ikazinduliwa, ikahutubiwa, ikagoma kwa maneno yaleyale. Safari hii kamati ikahamisha meza.

Huku nje Auleria wa Ihanda alikuwa anafungua magunia yake na kugeuza kahawa kwa mikono, chini ya turubai lililotoboka. Mume alishafariki, migomba yake imelazwa na upepo. Kibanja chake mwaka huu hakina kingine cha kuuza. Alimkamata Egbert pale mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lete mkono." Akammiminia kahawa kiganjani. "Nusa."

Egbert akanusa, akakunja uso. Ukungu.

"Hiyo kahawa ndiyo shamba langu lote, mwanangu. Lori la Bukoba linachukua iliyopimwa tu. Wewe na kamati yako mnataka niwapikie wajukuu ukungu?"

"Mama, hata mimi sielewi. Bukoba inakubali, hapa inakataa."

"Hapa mnaifanyia nini ambacho Bukoba hamkuifanyia?"

Egbert akageuka. Akaenda moja kwa moja kwenye spika. Akatoa ufunguo mfukoni, akausogeza mgongoni mwake. Spika ikaunyakua, kap! Akarudi ndani anatweta.

"Mheshimiwa, ile spika ina sumaku. Sumaku inafuta disketi. Kila ukihutubia, tunabaki na plastiki tupu."

"Unasema hotuba yangu inafuta maendeleo?"

"Si hotuba, mheshimiwa. Ni sumaku."

"Spika ni ya nani?"

"Ni yako."

"Na anayezungumza ni nani?"

"Ni wewe, mheshimiwa."

"Basi chunga mdomo wako, kijana."

Kamati ikaamua sumaku ipewe onyo.

Mimi sikushangaa. Spika hiyo naifahamu tangu mwaka wa sabini na nane, wakati wa vita. Ilipita barabara hiihii juu ya gari, inatutangazia kwamba hali ni shwari, tutulie majumbani. Ndani ya gari mlikuwa na magodoro, masufuria na mbuzi wa yule aliyekuwa anatangaza. Tulitulia. Yeye alifika Biharamulo salama. Spika hiyo ilianza kufuta mambo zamani.

Egbert alifanya utovu wa nidhamu. Jana mchana, Mwenyekiti alipokwenda kula, alitoa disketi mpya, isiyokaribia spika, mfukoni mwa shati, akaitumbukiza kwenye kompyuta bila kuihutubia hata neno. Ikasoma. Ikaamka. Mwenyekiti aliporudi anachokonoa meno, Mfumo wa Pili ulikuwa umeshasimama, na kwenye kioo kulikuwa na maandishi mapya.

"Hayo nini tena?"

"Inauliza, mheshimiwa. Kwa kuwa ina mifumo miwili, kila ikiwashwa inauliza tunataka upi."

Mwenyekiti aliketi polepole. "Inamuuliza nani?"

"Yeyote aliye mbele yake."

"Hata Leonidas?" Leonidas ni mpagazi wetu, familia yake ilitoka Rwanda, na muda wote huo alikuwa amesimama mlangoni na gunia kichwani.

"Hata Leonidas."

"Hapa hatuulizani. Ondoa hilo swali."

"Nikiliondoa, utawaka mmoja tu."

"Uwake wa kwanza. Ndio wenye hotuba zangu."

Egbert akaliondoa. Akafunga mkoba wake, akapanda basi. Kompyuta sasa iko sawasawa na siku ilipokuja. Kesho, nimeambiwa, kuna hotuba ya mafanikio.

Leo adhuhuri Auleria alikunja kanga yake kiunoni. "Si alisema wa pili unasimikwa pembeni ya wa kwanza? Mwacheni na wake. Tunausimika wa kwetu, ile mizani ya chuma, ng'ambo ya barabara, chini ya bati la kibanda cha Leonidas."

Hatujamaliza kucheka, Leonidas akaja anakimbia. Ametumwa na Mwenyekiti, aliyetusikia dirishani. Kumbe Mwenyekiti naye alificha magunia yake chumba cha kompyuta, paa linavuja, na kahawa yake imeanza kunuka. Anaomba, kwa siri, tukiitoa ile mizani tumpimie wa kwanza.

"Mwambie apange foleni," Auleria akasema. "Nyuma yangu. Na akifika nitamuuliza anataka mfumo upi."

Mpaka naandika haya, kamba tumeshaikata. Lori linafika kesho asubuhi. Mizani ile ni chuma kitupu, ina kona nne, na haisogei bila watu wanne. Auleria ameshika moja, Leonidas moja, mimi nimeshika ya tatu kwa mkono huu wa kushoto. Ya nne haina mtu, na Mwenyekiti ameshatoka ofisini, anapandisha mikono ya shati. Akiishika yeye, kesho spika itatangaza kwamba aliibeba peke yake.

Wewe mwenye kofia, nakuona unapita tena, tupa baiskeli hapo chini. Vuka barabara. Shika kona hiyo sasa hivi.