Kikombe Kilichozikwa Uwanjani

Jumatatu, 4 Machi

Leo dunia imenikumbuka. Kamati ya uwanja imebandika tangazo langoni: anatafutwa mtu wa kusimulia historia ya uwanja siku ya sherehe, Jumamosi, na baada ya hapo kila siku kwa wageni na wanafunzi. Atapewa koti la buluu na chumba chake chini ya jukwaa. Nimelisoma mara mbili. Kisha nikalibandua nikalitia mfukoni, wengine wasije wakajisumbua bure.

Nani anaujua uwanja ule kunishinda mimi? Mtaani wananiita Redio. Kwa heshima.

Kazi yenyewe ninaihitaji, sifichi. Dada yangu mkubwa, ambaye ninamsaidia kukaa nyumbani kwake, ni fundi wa kushona na cherehani zake zimemeza sebule nzima. Asubuhi ametangaza, pini zikiwa mdomoni, kwamba wiki hii ikiisha chumba changu kinakuwa chumba cha kushonea. Isipokuwa kama nimepata kazi ya kunitoa nyumbani asubuhi na kunirudisha jioni. Nikamuuliza nitalala wapi. Akasema ile meza ya kukatia vitambaa ni pana, na chini yake hakuna mtu.

Kikwazo ni kimoja: Refa, ambaye naye anaitaka kazi hiyo. Alistaafu zamani lakini filimbi haijatoka shingoni. Watu wakikaa kuzungumza na mtu akatia chumvi, anaipuliza. Mimi ananipulizia kuliko mtu yeyote. Wivu tu.

Sijakaa kitako tangu mchana. Natembea chumbani, nafika ukutani, nageuka. Mpwa wangu, binti wa dada, muuguzi wa zahanati, amechungulia akauliza, Mjomba, kuna panya? Nimemwambia nafikiri. Akasema pole.

Jumanne, 5 Machi

Usaili. Mwenyekiti wa kamati ni mama mwenye duka la dawa, miwani puani, uso wa kupima dozi. Kando yake wajumbe wawili.

Refa alianza. Kavu kama chaki. Eti pale palikuwa na shimo la udongo la kiwanda cha matofali. Shimo likafukiwa, makarani wa kiwanda wakapafanya uwanja wa kriketi, na wachoma matofali wakawa wanatazama kutoka juu ya ukuta. Msimu wa kriketi ukiisha, wachoma matofali wakateremka na mpira wao wa miguu. Ndiyo maana mpaka leo michezo miwili inapokezana uwanja mmoja na kugombania ule ukanda wa katikati: watu wa kriketi wanaushindilia kwa rola uwe mgumu, watu wa mpira unawachuna magoti. Tarehe, idadi ya matofali, mvua zilizonyesha. Mjumbe mmoja akasinzia waziwazi.

Zamu yangu. Nikasimama, maana historia haisimuliwi kwa kukaa. Nikawaeleza kwamba ile saa kubwa juu ya jukwaa, iliyokufa miaka mingi, niliiua mimi. Pigo moja la kriketi, asubuhi. Mchana wa siku hiyohiyo nikafunga mabao upande wa pili.

Filimbi. Refa akasema saa iliuawa na nyuki waliojenga ndani yake. Nikamjibu nyuki walipata wapi mlango kama si tundu la mpira wangu?

Mwenyekiti akatazama saa yake ya mkononi. Nikaona chumba changu kinaondoka. Hapo ulimi ukaniokoa, kama kawaida yake. Nikashusha sauti. Nikasema marehemu babu, mchoma matofali, aliniachia siri. Kwamba timu ya kwanza ya kriketi na timu ya kwanza ya mpira zilikaribia kuuana kwa ajili ya uwanja ule. Kwamba siku ya suluhu walichukua kikombe cha fedha, wakakizika uwanjani, kisiwe cha huyu wala cha yule.

Aliyesinzia akaamka. Mwenyekiti akavua miwani akaifuta, na haikuwa na vumbi. Akauliza kama napajua mahali penyewe. Nikasema hata mnifunge kitambaa machoni.

Akasema vizuri sana. Jumamosi kitafukuliwa mbele ya watu wote, na kikionekana kazi ni yangu.

Refa hakupuliza. Alitabasamu. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Jumatano, 6 Machi

Kikombe nitakitoa wapi? Sokoni ni vya plastiki vitupu. Nimezunguka maduka mpaka viatu vimelalamika.

Nikarudi nyumbani nimekata tamaa, nikainua macho. Kwenye rafu juu ya cherehani: kile chombo ambamo dada anaweka vifungo. Kina mikono miwili, kimekuwa cheusi, tumboni kimebonyea. Miaka yote nimekipita. Kila fundi ana chombo cha vifungo, nani anauliza kimetoka wapi?

Nikasubiri aende kwa mteja. Vifungo nikavimimina kwenye soksi, soksi chini ya godoro. Nilitaka kukisugua king'ae kidogo, nikajizuia. Weusi ndio uzee wenyewe. Akili hizi hazifundishwi shuleni, na ndiyo sababu shule niliiacha mapema.

Adhuhuri nikaenda uwanjani. Mtunza uwanja akishakula hulala kivulini mwa rola lake, kofia usoni, na hapo hata lango likiibiwa hajui. Nikakata majani kipande kama mfuniko, nikachimba, nikazika, nikarudisha mfuniko, nikaukanyagakanyaga. Mahali nimepachagua kitaalamu: palepale kwenye kona ya boksi la penalti, upande wa ile saa mbovu. Mistari ya chokaa haina miguu. Jumamosi nitafuata kona, nitanyoosha kidole, basi.

Usiku nimejaribu mbele ya kioo namna ya kunyoosha kidole. Kwa unyenyekevu, lakini kisionekane kidole cha mtu wa kawaida.

Alhamisi, 7 Machi

Nyumba imepinduliwa. Dada anatafuta chombo cha vifungo. Amemshuku mpwa wangu, amemshuku fundi bomba, amemshuku paka wa jirani. Mimi nimetafuta kuliko wote. Nimechungulia hata ndani ya birika. Dada akaniangalia, akasema hajawahi kuniona nikijituma namna hii.

Nikaona hewa imekuwa nzito, nikatoka kwenda kukagua mahali pangu.

Hapapo.

Magoli hayapo. Mistari haipo. Boksi la penalti, duara la katikati, kona zote, hakuna. Kijani kitupu kutoka ukuta hadi ukuta, na Mtunza uwanja anavuta rola lake huku anapiga mluzi. Nikamuuliza kwa utulivu mistari imekwenda wapi. Akasema mzee, msimu wa mpira si umekwisha? Jumamosi ni kriketi. Ameimwagia maji, amefyeka, ameng'oa magoli, kama anavyofanya kila mwaka tangu aajiriwe. Kisha akanitazama vizuri. Akauliza, wewe si ndiye mwanahistoria wetu?

Nikamwambia nilikuwa namjaribu.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeamkia uwanjani na mwavuli. Mbinu: natembea kama mtu anayepunga upepo, kila baada ya kidogo nadunga ncha ya mwavuli ardhini. Ikigonga chuma, nimepata. Nimepata mawe. Nimepata kipande cha tofali. Nimepata kiatu cha mpira cha mguu wa kushoto, na kwa dakika chache nikafikiria kubadilisha historia iwe ya kiatu.

Jua kali, wingu hakuna, mimi na mwavuli. Mtunza uwanja akaja kuuliza ninafanya nini. Nikasema napima kina cha historia. Akaviangalia vitundu nyuma yangu, vimejipanga kama vipele. Akaninyang'anya mwavuli, akanikabidhi mpini wa rola. Akasema mtu mwenye nguvu za kutoboa uwanja anazo za kuushindilia.

Nimevuta rola mpaka alasiri. Mahali fulani chini likalia kruk. Sikujali, magoti yangu yalikuwa yanalia hivyohivyo.

Nyumbani nikamkuta mpwa wangu anatandika kitanda. Akasema Mjomba, soksi yako inalia kama njuga. Nikamwambia ni dawa ya miguu. Nimesahau tena kwamba ni muuguzi. Ameondoka anacheka peke yake, na sijui amecheka hadi kwa nani.

Kisha dada akaingia na futi yake ya kitambaa, akapima chumba. Dirisha, mlango, ukuta. Mimi nimelala kitandani, akapima kwa kunizunguka, kama vile mimi ni kabati litakalotolewa kesho.

Jumamosi, 9 Machi



Uwanja ulifurika. Dada mstari wa mbele na gauni lake la heshima, mpwa wangu pembeni yake. Mwenyekiti akanitambulisha kama mlinzi wa siri ya uwanja. Nikanyoosha kidole, kile cha kiooni. Wakachimba. Udongo. Nikacheka kidogo, nikasema ardhi husogea, nikanyoosha pengine. Udongo. Pengine. Tofali. Kadiri mashimo yalivyosogea katikati, nahodha wa kriketi alikwenda kusimama juu ya ule ukanda wake, mikono ameitanua kama kuku anayelinda vifaranga. Watu wakaanza kunizomea. Mmoja akapaza sauti, Redio, badilisha betri!

Mwenyekiti akasema inatosha, mashimo yafukiwe, mchezo uanze. Kwangu akasema taratibu kwamba koti lile lingenibana. Nikamtazama dada. Alikuwa anaikunja futi yake. Ameshafanya hesabu za chumba.

Basi kriketi ikaanza. Refa alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha heshima karibu na kamba ya mpaka, filimbi mdomoni, ananingojea nifungue kinywa. Mpigaji akaupiga mpira chinichini, ukaja unateleza juu ya majani kama umepakwa mafuta. Ghafla ukagonga kitu, ukaruka, ukampokonya Refa filimbi mdomoni.

Meno yote salama. Naandika kwa sababu niliulizwa kama nimesikitika.

Mtunza uwanja akaenda na hasira kuona nini kimetokea kwenye majani yake. Akakwangua. Akavuta. Kikombe! Rola lilikuwa limekibana bapa kama kandambili, lakini mikono yote miwili ipo. Uwanja ukalipuka kwa makofi. Mwenyekiti akakiinua juu, mimi nikainama mbele ya umma, tena nikainama upande wa pili. Akakitikisa udongo utoke.

Kikatoka kifungo. Chekundu, cha plastiki.

Dada akasimama. Akasema bila kupaza sauti, na kila mtu akasikia, kwamba hicho kikombe ni chake na kifungo ni cha blauzi ya mke wa mwalimu mkuu. Nikatafuta kwa macho lango lililo karibu.

Mwenyekiti akamuuliza kikombe amekipata wapi. Dada akasema hapahapa. Kwamba mwaka ambao wanaume wa kriketi na wanaume wa mpira walinuniana kwa ajili ya ukanda, wote wakasusa, uwanja ukabaki mtupu na vikombe viko tayari mezani. Mafundi wa kushona na wauguzi wakaona ujinga huo wa nini. Wakaingia wakacheza kriketi, watu wakajaa hadi juu ya ukuta. Pigo la ushindi ni lake yeye.

Mbona hajasema miaka yote? Akasema nyumba yake ina mtu mmoja, na huyo hajawahi kunyamaza yeye akapata nafasi.

Hapo Refa akainuka, mdomo umevimba. Akasema ushindi ule si halali, dada alikuwa tayari ametolewa mchezoni, na yeye ndiye aliyekuwa mwamuzi.

Dada akasema hakutolewa.

Refa akasema wiketi, vile vijiti nyuma ya mpigaji, ilianguka, aliiona kwa macho yake.

Dada akasema aione vipi, na alikuwa anakimbia nyuki wa ile saa, koti amejifunika kichwani? Watu wakaangua kicheko. Akaongeza kwamba hata mimi nilikuwepo, juu ya ukuta, nalia nishushwe. Hilo halikuwa na ulazima wa kutajwa.

Wakabishana wawili hao mpaka wachezaji wakakaa chini kusikiliza. Nani alirusha, nani alidaka, nani alikopa viatu. Hata yule mjumbe hakusinzia. Mwisho Mwenyekiti alitoa koti la buluu kwenye hanga, akamvisha dada pale pale. Dada akajigeuza, akasema mabega yamekaa ovyo, atayapunguza mwenyewe.

Jumatatu, 11 Machi

Kila kitu kimekwenda kama nilivyopanga.

Dada amehamishia cherehani kwenye kile chumba chini ya jukwaa. Anashona huku anasimulia, wateja wamemfuata hukohuko. Anatoka asubuhi, anarudi jioni. Chumba changu kimebaki changu, na sebule pia. Kuna mtu mwingine angeyaona haya tangu Jumatano? Mpwa wangu nimemweleza. Akasema Mjomba, tukupime presha.

Refa anakwenda kule kila siku kubisha lile pigo. Nasikia sasa anapewa chai. Filimbi mpya hajanunua.

Kikombe kimegongwagongwa na mfua bati, kimewekwa kwenye kabati la kioo. Vifungo vimebaki kwenye soksi yangu, kwa ruhusa. Dada amenipa masharti mawili: nisikanyage uwanjani bila yeye kujua, isipokuwa nikiitwa kuvuta rola. Na nisimzulie mtu historia tena. Nimekubali yote mawili kwa moyo mmoja.

Jioni nimepita bwawa la kuogelea la zamani. Meneja wake ana huzuni, wageni hawaji. Nikamfariji. Nikamgusia tu, kwa sauti ya chini, kile kilichozama pale siku ya ufunguzi. Ametoa macho. Ameuliza ni kitu gani hasa.

Nimemwambia anipe mpaka Alhamisi. Dada ana sufuria moja ya shaba, na sijaona akiitumia.