Nguzo Nne za Verlyn Torkelson

Sogeeni, enyi wenye kahawa mkononi na enyi mnaoingoja ichemke! Egemezeni makoleo ya theluji ukutani, kung'uteni viatu, mpate kusikia habari za Verlyn Torkelson, mshinda kutu, fahali wa mji wa Duluth, jinsi alivyoitoboa sakafu yake mwenyewe na dunia isipasuke.

Shujaa huyu alikuwa amesimamisha gerejini mwake lifti ya magari yenye nguzo nne, ngome nyekundu ya chuma, ili gari la marehemu baba yake lipae hadi karibu na dari, na gari la mkewe Ardis lilale chini yake, mbali na theluji. Ila ngome ile ilikuwa imekaa tu juu ya zege, haina hata boliti moja. Naye Ardis alikwisha kutoa amri: haegeshi chini ya kitu kisichofungwa, na theluji ya kwanza ikilikuta gari lake nje, la mzee litatafutiwa mnunuzi.

Asubuhi hiyo theluji ikaanza.

Gordy Maki, kaka yake Ardis, akasimama mlangoni akitafuna mkate wa mdalasini. "Shemeji, funga hilo dude. Likikuangukia tutakuzika ndani ya bahasha."

"Kitabu cha kiwandani chasema nguzo nne zajisimamia!" akanguruma Verlyn. "Nani amewahi kumpigilia ng'ombe misumari ya kwato asianguke?"

"Ng'ombe gani huyo anayebeba gari?"

Verlyn akaitazama sakafu, maana hofu yake ilikuwa nyingine. Ndani ya zege ile yalipita mabomba ya maji moto ya kupasha sakafu, yamejikunja kama utumbo wa mbuzi, na aliyeyalaza ni yeye. Siku ya kuyalaza hakupima, hakupiga picha, kwa kuwa kesho yake msimu wa kuvua samaki ulikuwa unafunguliwa, na siku kama ile nani katika nchi hiyo hupima kitu? Akitoboa bomba, gereji itakuwa barafu hadi masika.

"Ewe mke wangu," akanena hatimaye, mkono juu ya nguzo, "mabomba yako wapi, mimi sijui! Nilikwenda ziwani!"

"Najua ulikwenda ziwani," akasema Ardis. "Ulirudi na kasamaki kamoja."

Akatoka. Akarudi na koleo limejaa theluji, akaimwaga kwenye mguu wa nguzo, akaifuata nguzo nyingine, hata zote nne.

"Unanizika, Ardis?"

"Washa maji moto ya sakafu, ukae kimya."

Wakangoja, macho chini, kama majeshi yangojayo tarumbeta. Na tazama! Theluji ikaanza kuyeyuka kwa mistari, na kila mstari ulikuwa bomba. Verlyn akapiga magoti, akaichora yote kwa chaki. Mguu mmoja ulikuwa umekalia bomba hasa. Wakaisukuma ngome kwa mabega, Gordy akiguna zaidi ya alivyosukuma, mpaka ikasogea upana wa kiganja.

Ndipo fahali akaishika drili. Ikalia, ikatetemeka, ikatapika vumbi jeupe. Akatoboa amefumba macho.

"Maji?" akauliza.

"Vumbi tu," akasema Gordy. "Fumbua macho, shemeji, unatoboa kiatu changu."

Boliti zikazama, zikakazwa zikalia. Gari la mzee likapaa. Ardis akaingiza lake chini, akazima injini, akabaki ndani akitazama juu. Ndipo tone la oili kuukuu likaanguka kutoka gari la mzee, pyaa, katikati ya kioo chake. Gordy akaacha kutafuna. Verlyn akavua kofia, kama mtu aliyekwisha kumuuza baba yake.

Ardis akawasha waipa za kioo. Zikapita mara moja, zikarudi.

"Si mbaya," akasema.

Maneno hayo mara ya mwisho aliyatamka kanisani siku ya harusi yao, alipomwona Verlyn ndani ya suti. Shujaa akageukia nguzo, akajifanya anakaza boliti iliyokwisha kukazwa, wasimwone akilia. Na Duluth nzima, ikiwa bado inakoroga kahawa, haikujua kwamba historia ilikuwa imepita mtaani kwake.