Ndizi za Giaboksi

Kabla ya alfajiri, mbuzi ya kukunia nazi ilianza kulalama uani kwa Bi Moinahalima: kwaru, kwaru, kisha kimya, kisha kwaru tena. Ibouroi, mgeni kutoka Moroni, aliisikia akiwa kitandani, akatabasamu gizani. Mwenyeji anayekukunia nazi mapema hivyo bado hajakushuku.

Na alistahili kushukiwa, kuanzia kofia mpaka ndara. Gari alilokuja nalo melini, la kijivu, la Kifaransa, alilipata kwa mwalimu mmoja aliyefungasha haraka kurudi kwao baada ya uhuru. Alilinunua kwa bei ya mbuzi, na mbuzi mwenyewe asiyekuwa mnono. Giaboksi yake ilikuwa imekwisha. Ukitia gia ya pili ilinguruma kama mzee anayeamshwa kula daku. Ibouroi hakuitengeneza. Alimwaga mafuta ya zamani, akatia mapya mazito, akayakoroga na unga wa mbao na ndizi mbivu zilizopondwa, akafunga. Giaboksi ikanyamaza kama bibi harusi. Dawa hiyo ilikuwa na mwiko mmoja: gari lisichoshwe. Likipata moto, litakumbuka ugonjwa wake.

Ndiyo maana akaichagua Mutsamudu, mji wa mawe ambao gari haliingii vichochoroni mwake. Magari hulala nje ya mji wa kale, na wenyewe huenda kwa miguu. Mnunuzi naye alimchagua vizuri: mjane mwenye mtambo wa kuchemshia maua ya mlangilangi. Malipo yangekuwa kidumu cha mafuta ya maua hayo, na kule Moroni Tadjiddine wa duka la manukato alikuwa ameshayasafishia rafu. Jana yake Ibouroi alionjeshwa harufu yake kidogo, nusura alie.

Bi Moinahalima hakutaka gari la kujionyesha. Binti yake, Zoubeida, alikuwa na mimba pevu. Mimba ya kwanza walimbeba juu ya kitanda hadi hospitali ya Hombo, na yule mtoto hakuwasubiri.

Ghafla mbuzi ikanyamaza. Mlango ukagongwa.

"Mwanangu Ibouroi," Bi Moinahalima alisema, mikono bado imejaa nazi. "Uchungu umemshika. Najua gari bado si letu. Nakuomba kama ndugu."

Mjanja kamili angesema betri imelala, na Ibouroi alishafungua mdomo aseme hivyo hivyo. Kisha akamwona Zoubeida ameegemea ukuta, anang'ata ncha ya shiromani, mtandio wake, ili asiwaamshe majirani.

"Twendeni," akasema, na yeye mwenyewe akashangaa.

Kwenye tambarare gari lilikwenda kwa adabu. Mlima ulipoanza, likaguna. Likaguna tena. Halafu harufu nzuri, tamu, ya jikoni, ikapanda kutoka chini ya miguu yao.

"Nani anakaanga ndizi saa hizi?" Zoubeida aliuliza kati ya uchungu na uchungu.

"Majirani tu, dada. Watu wa huku huamka mapema."

"Majirani gani hawa," mama yake akauliza taratibu, "wanaotufuata kila kona?"

Ibouroi alikaza macho barabarani. Angeweza kupumzisha gari na kuiokoa giaboksi. Alikanyaga mafuta. Walifika Hombo likilia kama ng'ombe, na jua halijapanda vizuri, mtoto wa kike naye akalia, akalishinda gari.

Mchana Ibouroi alikalishwa mbele ya pilau.

"Gari liko wapi, mama?"

"Soidri, mtoto wa dada yangu, amelikokota mpaka kwake Mirontsy. Ni fundi. Analiosha."

Ibouroi akalirudisha tonge sahanini. "Kuosha tu?"

"Limebeba mzazi, haifai lilale na uchafu. Kula, mwanangu."

Jioni, bila kulaumiwa kwa lolote, alikabidhiwa kidumu chake, kizibo kimefungwa kwa nta. Alinusa pembeni ya nta: maua matupu. Akapewa na mkate wa sinia wa safari.

"Soidri alitaka kuwaita vijana wa kamati," Bi Moinahalima alimwambia wakiagana.

Siku hizo za utawala wa Ali Soilih vijana wa kamati ndio waliokamata na kuhukumu, na hakuna mlanguzi aliyependa kutembelewa nao. "Waje kufanya nini, mama?"

"Wakushukuru. Nikamwambia, mgeni huyu aliamka kwa ajili ya mwanangu. Nitamlipa mimi mwenyewe."

Moroni, Tadjiddine alibandua nta, akafumba macho kwa raha, akamimina kwenye sahani nyeupe. Kwanza yalitoka matone ya mlangilangi, halali kabisa. Yakafuata mafuta meusi mazito. Halafu, bila haraka, kipande cha ndizi kikateleza kikakaa katikati ya sahani.

"Bwana Ibouroi," Tadjiddine akasema, "haya ni manukato ama futari?"

Ibouroi alikuwa ameutambua upishi wake. Alitoka dukani na kidumu chake, na kwa siku nyingi hakupita mtaa ule.

Meli iliyofuata ilimleta baharia Madi, akamkuta Ibouroi amekaa barazani, mnyonge.

"Una salamu kutoka Mutsamudu," Madi alisema. "Gari ni zima. Soidri alikuwa na jingine kama lile limekufa uani kwake, akang'oa giaboksi yake akalitia lako. Yale mafuta ya giaboksi ya mwanzo wanasema ulishakabidhiwa."

"Nilikabidhiwa."

"Na hiki nimepewa nikupe mkononi." Kilikuwa kichupa kidogo, si kikubwa kuliko kidole gumba. Ibouroi alikifungua kwa tahadhari, akakitikisa, akachungulia ndani kutafuta ndizi. Hakukuwa na ndizi. Ilikuwa mlangilangi safi, na harufu yake ikajaa baraza nzima.

"Bi Moinahalima anasema lile la gari mmeshalipana," Madi akaendelea. "Hii ni nauli ya kwenda Hombo. Mtoto amenenepa, na bibi yake anauliza utakuja lini tena umwone. Anasema uje, mwanangu, uje tu. Ndizi zimeiva."