Juma Moja Katika Kiti ya Gertrude

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mutoto wangu Plamedie amekaa juu ya beseni, akapigia kuku kelele kama mukubwa: "Antre! Ingia!" Miaka mbili na nusu, na iko na biro, ofisi yake, tayari. Mama yake bado.

Lakini nimepata juma moja! Biro ya muungano wa wafugaji, hapa Saio, kila siku naifagia. Sasa sekretari, mama Gertrude, amekwenda kilio ya marehemu shangazi yake. Mukubwa yetu, muzee Hubert, amesema nikae pa nafasi yake mupaka Ijumaa, atanitazama. Nikiweza, atanipatia kazi ndani. Nikishindwa, fagio. Kiti ya Gertrude inazunguka. Nimezunguka mara ine. Furaha njo hii.

Jumanne

Furaha imeisha saa tatu. Hakuna mutu, hakuna karatasi. Nimeuliza Fabrice, mwenye kuandikisha ng'ombe, moyo unapata furaha wapi siku muzima katika biro. Akasema niache moyo nyumbani. Nikamate farde, jalada ya karatasi, chini ya kwapa, nitembee mbio, uso mukali. Nimeazima farde; iko tupu, nitatafuta ya kutia ndani.

Jumatano

Nimetembea mupaka jasho. Wageni wananiita madame! Kisha muzee Hubert akaomba kuona farde. Ndani: chupi mbili za Plamedie na kipande ya mukate. Akauliza, pole pole, kama hii njo rapoti ya mwezi. Fabrice akacheka mupaka akakohoa. Nimelia kidogo ndani ya choo.

Alhamisi

Muzee mumoja wa Marabo ameleta karatasi ya kupitisha ng'ombe. Njiani wamemurudisha na ng'ombe yake mara mbili, hajue sababu. Hakuna aliyemusomea. Nikasoma na kidole, maana masomo niliacha mu darasa ya sita. Kumbe wameandika dume! Yake ni jike, tena iko na mimba. Tukasahihisha. Akanishika mikono mbili, akaniita binti yangu. Nyuma yake wakakuja wengine tano. Nilisahau kula. Nilisahau hata kuzunguka.

Njiani nimewaza sana. Ule utamu moyoni ulitoka wapi? Pengine ni kwa sababu kiti iko karibu ya dirisha.

Ijumaa

Muzee Hubert ameniita. Ananibakisha! Kazi yangu: kusomea watu karatasi zao. Lakini mulangoni, juu ya benchi. Nikauliza: na kiti? Akasema, "Weye mama, watu wanakutafuta weye. Nani alikuja kutafuta kiti?" Nikasema aksanti. Nimeumia. Benchi haina hata tiroir ya kuvuta, ya kuweka kalamu! Mutu atatulia moyo namna gani bila tiroir?

Nimepata mupango. Mama mukwe iko na meza ya kuuzia mikate. Nitaipaka verni, rangi ya kungaa, nitaweka kibao na jina yangu kubwa. Hapo tu njo nitaanza kusikia furaha ya kazi. Bibi mumoja anaita: "Mama Plamedie, njoo unisomee, wanataka nitie kidole wapi?" Nakuja, bibi, usitie kitu! Ni wa nane leo, na sijakunywa hata chai, na hii yote bila kiti. Basi, meza. Verni iwe ile nyekundu, na kibao kiwe na... Kumbe bibi ananivuta mukono. Nakuja!