Furaha kwa Moto wa Kitani

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimechomwa moyo. Nimerudi kutoka kazini, mwanangu yuko mgongoni kwa mama mkwe, nikamnyooshea mikono. Kageuza uso! Kisha akamwita bibi yake "mama". Wazi kabisa, wala hakulitafuna neno. Mama mkwe akajifanya anapepeta mchele. Nilipomkazia macho akasema mtoto anacheua tu. Anacheua! Kama mimi sijui kucheua.

Simlaumu mtoto. Nashinda kwa dobi, chumba cha pasi, mle ambamo hata mtu mzima anaiva. Mtoto huwezi kumwingiza. Lakini kaunta ya mbele! Kuna feni, kuna kiti, na chini yake panaingia kapu la nguo. Nimelipima kapu kwa macho. Mwanangu anaenea humo na mdoli wake.

Dada wa kaunta anaolewa, anaacha kazi. Bosi kasema Jumamosi atatujaribu wawili: mimi na Bi Ukosi, mwenzangu wa pasi, ambaye akinyoosha ukosi wa shati utadhani anavalishwa mfalme. Sharti ni moja. Wageni wa hoteli ya jirani wanaongea Kiingereza, na wa kaunta lazima awajibu. Bi Ukosi Kiingereza hakijui. Mimi pia sikijui. Tuko ngoma droo! Ila mimi nina mipango.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wenyewe huu. Lugha nzima haiingii kichwani kwa wiki moja. Kwa hiyo nachukua neno moja tu, happy, nalibeba na ukoo wake wote. Mteja anataka nini? Anataka aone umefurahi kumwona. Basi!

Kamusi ya shule ya baba mtoto imenitajia ndugu zake happy: content, glad, pleased, delighted. Nikamuuliza baba mtoto yupi ni yupi. Akasema yote ni kufurahi, nichukue lolote. Lolote! Yeye ni fundi wa majokofu, na jokofu letu ndilo linalochemsha maziwa.

Jibu nimelipata kazini, pasi mkononi. Neno lina moto wake! Pasi yangu ina ngazi za kuzungusha: nailoni, hariri, sufu, pamba, kitani. Na maneno nayo ni hayo hayo. Content ni wa nailoni, moto wa kupapasa. Glad, hariri. Pleased ni sufu, kazito kidogo, neno la mabosi. Happy ni pamba, wa kila siku. Na delighted ni kitani: moto wa mwisho, mvuke unafoka!

Nilijiona profesa. Bi Ukosi akauliza naongea na nani. Nikamwambia nasali. Akasema basi niliombee na hilo shati, linaungua.

Alhamisi, 6 Machi

Majaribio nyumbani. Baba mtoto kaleta sukari, nikamwambia I am delighted. Akauliza nataka kununua nini tena. Moto umefika! Mama mkwe nikampa pleased. Akasema kama ni tusi nilitoe kwa Kiswahili ajue pa kunijibia.

Jioni mtoto kalala kifuani kwangu. Mdomo wazi, udenda kwenye blauzi. Nikajiuliza, hapa niko kwenye ngazi gani? Nikajaribu delighted. Hapana, mvuke hakuna. Nikashuka pamba, nikashuka sufu, hariri. Nikafika chini kabisa, kwenye content, na hapo nikatulia. Ajabu! Moto mdogo vile, na mimi nimekolea mpaka miguuni. Nilitamani asiamke, wala mimi nisiinuke.

Hii inavuruga ngazi zangu zote. Nimeamua kutoihesabu.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi bosi katuita, katueleza jambo refu kuhusu suti nyeusi niliyokuwa nainyoosha. Sikumsikia vizuri, nilikuwa ndani ya delighted. Nikaitika, sawa bosi. Suti imetoka safi, mkunjo wa suruali unakata nyanya.

Kapu nimelifuta vumbi.

Jumamosi, 8 Machi

Sijui nianzie wapi.

Bi Ukosi alitangulia. Hakusema hata neno! Kutikisa kichwa, kuonyesha kidole, kutoa nguo. Bubu mtupu. Nikajua kaunta ni yangu.

Zamu yangu akaingia mwenye ile suti nyeusi, kaja kuichukua. Mtu mrefu, miwani, ndevu hazijachongwa. Akaongea Kiingereza polepole, chini chini. Katika yote nikanasa moja: mother. Hilo nalijua! Nikaunganisha. Suti imepigwa pasi, mama yupo, bila shaka ni harusi. Nikazungusha mpaka mwisho, kitani.

I am delighted! Meno yote nje.

Akanitazama kama mtu aliyefungiwa mlango usoni. Nikadhani moto haujafika. Nikaongeza, very delighted!

Bi Ukosi akanifinya mgongoni. Akaninong'oneza, "Wewe! Kafiwa na mama yake. Si jana bosi katuambia wanazika leo?"

Ukoo mzima wa happy ukanikimbia. Nikabaki na suti mikononi. Nikawaza mtu mzima yule, na kinywa chake kilichozoea kuita mama, sasa kitaita nani? Nikasema pole. Kwa Kiswahili. Pole sana, kaka yangu. Machozi yakaanguka, nikayakinga yasiguse mkunjo, maana kazi ni kazi. Akaweka kiganja chake juu ya suti, karibu na mkono wangu. Akajibu asante, kwa Kiswahili cha kubabaisha. Akaondoka.

Bosi hakunigombeza, na hilo ndilo liliniuma. Kaunta kampa Bi Ukosi. Kasema yeye angalau akikosa neno anafunga mdomo.

Kapu nimelirudisha mahali pake.

Jumapili, 9 Machi

Nimeshinda na mwanangu. Kumbe ndoo ni mama! Paka ni mama. Kandambili, mama. Hata baba mtoto kaitwa mama, na akaitika. Mama mkwe akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema mimi nilidhani kaninyang'anya mtoto, kumbe cheo chake ni kimoja na cha ndoo.

Kisha mtoto kajigonga kwenye stuli. Akatambaa, akampita bibi, akapita ndoo, akaja kwangu analia mama. Neno lile lile, lakini moto mwingine kabisa. Hakuhitaji ndugu wa neno hata mmoja. Nilimwelewa, na yeye akanyamaza begani kwangu.

Nilitaka kulifikiria zaidi jambo hilo, ila wazo kubwa zaidi likaniingia. Suti ile itarudi kufuliwa! Suti ya mazishi lazima irudi, na udongo kwenye pindo. Bi Ukosi atakuwa anakunywa chai. Na mimi nitakuwa pale nimesimama na sorry, pamoja na ukoo wake wote. Nimeshaangalia kwenye kamusi, ni wengi kuliko wa happy! Nimeshawapanga, kuanzia nailoni.

Na mtoto tumeanza naye leo leo. Nimempakata, kamusi mbele yetu, nikamsomea mother, mom, mummy. Kanisikiliza kwa makini sana. Kisha akaigusa kamusi kwa kidole, akaiita mama.

Anaelekea kuelewa!