Ubao wa Umeme Mlangoni mwa Jengo Langu

Ndugu Mhariri,

Natumaini u mzima, pamoja na wenzako mnaosahihisha makosa yetu hapo ofisini. Mimi ni Melkiori, mwenye lile jengo la ghorofa nne karibu na soko la alizeti. Nalalamikia utaratibu mpya wa mji wetu, kwamba kila jengo kubwa lipimwe umeme linaotumia, kisha matokeo yabandikwe mlangoni, kila mpita njia asome.

1. Jengo langu limetangazwa la kwanza kwa kutumia umeme kidogo. Nimepewa na cheti! Ndugu Mhariri, umewahi kuona mtu akiaibishwa kwa cheti? Siku zote nimewaambia watu kuwa wapangaji wamejaa hadi juu, na kila dirisha nimelitundikia pazia. Sasa Petro kinyozi, mwenye kibanda cha mabati ng'ambo ya barabara, amelinganisha ubao na risiti yake ya umeme, akakuta ananizidi. Mpangaji gani atakuja kwenye jengo lililokimbiwa?

2. Heshima imekwisha. Vijana wanasoma ubao kwanza, wanatazama juu, ndipo wananipa shikamoo huku wakicheka. Shemeji yangu Dorika, aliyeniletea kuku kutoka Iguguno, aliniuliza kwa upole kama anaweza kulelea vifaranga ghorofa ya tatu, maana kumetulia. Niliumia sana.

3. Nilijaribu kurekebisha hali kwa kuwasha taa zote mchana kweupe, na pasi nikazichomeka. Mke wangu Rebeka akapita nyuma yangu akizima moja moja, akisema umaskini wa kujitakia hauna pole.

4. Kama ukweli ni mtamu hivyo, basi sote tubandikiwe. Petro aandike vichwa alivyowahi kuchubua. Wauza kuku waandike umri halisi wa jogoo. Waheshimiwa nao waandike walisinzia vikao vingapi. La sivyo, naomba ubao wangu ung'olewe wiki hii hii.

Nisalimie wote hapo, na mitambo yenu izidi kuchapa.

Wako mwenye ghorofa na uchungu,
Melkiori

Nyongeza: Tafadhali usiichape barua hii. Leo asubuhi Mama Jayshree wa duka la vitambaa ameusoma ubao, akafurahi kuona jengo lisilokula umeme, na amechukua ghorofa mbili za juu kwa ajili ya mafundi wake wa kushona. Ubao ubaki hapo hapo. Ombi langu sasa ni moja tu: mpimaji asirudi, maana mafundi hao wanakuja na pasi.